Mitalawanda ya Baba

Swali ambalo watu hawachoki kuniuliza ni kama kipofu anaota. Huniuliza kwa sauti kubwa, maana mwenye macho akikutana na kipofu humdhania na kiziwi pia. Wengine hata hawaniulizi mimi. Humuuliza dada yangu Salhiya, na mimi nimekaa pale pale nakunywa chai yangu. "Eti huyu naye huota?" Utadhani wanauliza kama paka wetu anakula muhogo.

Naota. Naota sana, na ndoto zangu zina mambo mengi kuliko maisha yangu. Nilizaliwa hivi hivi, sijapata kuona hata siku moja, kwa hiyo ndotoni simo gizani wala simo mwangani. Vitu hivyo viwili mimi navisikia kwa watu tu. Naota sauti, harufu, joto, uzito wa kitu mkononi, ukuta unaokaribia. Ukuta ukikaribia hewa hubana kidogo karibu na shavu, na ndotoni pia hubana. Nishaota nimepotea sokoni Darajani, nikajua nimepotea kwa sababu harufu ya samaki ilikuwa inatoka upande usio wake. Nishaota nasukwa nywele na mtu nisiyemjua, na nywele zikawa haziishi, zinateremka ngazini mpaka kwa jirani, na jirani anagomba. Nilipoamka nilicheka peke yangu.

Liko jambo moja ambalo sikulifikiri mpaka liliponiponza. Nyinyi wenye macho mna mlango baina ya ndoto na kuamka. Mkifumbua macho mnaona dari, kabati, nguo zilizotundikwa, basi mnajua mmeamka. Mimi mlango huo sina. Ndoto yangu na chumba changu vimetengenezwa kwa vitu vile vile. Mtu akitaka kuingia ndotoni mwangu kwa miguu yake anaweza, bora tu ajue avae nini.

Naitwa Nassra. Tunakaa Mkunazini, mjini Unguja, mimi na dada, katika nyumba aliyotuachia baba yetu, Mzee Ubwa, mshona kanzu. Mama alifariki tukiwa wadogo. Baba alikuwa na mguu mmoja mzito, ugonjwa wa utotoni, na akiwa nyumbani alivaa mitalawanda, vile viatu vya mbao vyenye msuruaki wa kushika kwa vidole, ambavyo siku hizi watu wanavitundika ukutani kuwa pambo la wageni. Ngazi zetu ni za mbao. Baba akipanda, mguu mzima uligonga na ule mzito uliburuta: ko, shaa, ko, shaa. Nyuma yake ilifuata harufu ya halud aliyoipaka nyuma ya masikio. Hiyo ndiyo sura ya baba yangu. Wengine wana picha yake ndani ya fremu sebuleni, mimi nina ko na shaa.

Alipofariki tulivitia vitu vyake sandukuni: mitalawanda, kofia zake, kichupa cha halud kilichobakia nusu. Tasbihi yake nikaichukua mimi, na nilizoea kulala nayo mkononi.

Baba akawa ananijia ndotoni. Hasemi. Nasikia mitalawanda ngazini, naipata halud, kisha mkono wake unagusa wangu. Akiwa radhi nami hunitia tasbihi kiganjani na kunikunja vidole juu yake, kimoja kimoja, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mtoto anaponipa peremende. Akiwa hana radhi, huichukua na kwenda zake. Niliwahi kumnunia Ami Wakil, mdogo wake baba, kwa jambo la upuuzi, na baba akaja akaichukua. Nikaenda kuomba radhi asubuhi ile ile. Ami alishangaa, hakujua nani aliyenituma.

Aliyejua ni dada Salhiya peke yake. Kwetu ndoto haisimuliwi ovyo. Unamsimulia mtu anayekupenda, tena mapema, kabla hujamsimulia mwingine, na yeye kabla hujaanza anasema, "Kheri." Neno lile huitangulia ndoto, ili ikija kufasirika ifasirike kwa wema. Ukimsimulia mtu mwenye kijicho umekwisha. Basi tangu nikiwa mtoto, mimi naleta ndoto, dada analeta chai na kheri yake. Sikuwa na siri iliyozidi hizo, na zote alikuwa nazo yeye.

Mtaa mzima ulikuwa unamsifu. "Salhiya pepo yake iko tayari," wanasema, "anavyomtunza mdogo wake yule." Aliposwa zamani, mara zaidi ya moja, akakataa, akasema hawezi kuniacha. Maneno hayo niliyasikia nikiwa msichana, yakanikaa kifuani. Sikuwa mzigo, jamani. Udi unaochomwa katika nusu ya harusi za mjini naupika mimi. Shira ya sukari nasikia inavyochemka, najua kwa mlio wake wakati wa kutia sandali. Lakini sifa ni zake, na mimi nilimwachia, maana nilimpenda. Jioni alikuwa akinyoosha miguu mapajani mwangu, nami namsugua nyayo zake zilizopasuka kwa mafuta ya karafuu. Nyumba nzima inanuka karafuu na tunacheka.

Kisha akaja Mbarouk.

Alikuwa mtu wa Kidichi, mjane, ana shamba la viungo, na ndiye aliyekuwa akiniletea maua ya langilangi ya kulowekea mafuta. Siku ya kwanza aliyokuja alisimama mlangoni na kapu lake akauliza, "Nikupe mkononi au nikuwekee mkekani?" Watu hunishika mkono bila kuniuliza, hunivuta, hunikalisha kitako kama gunia. Huyu aliuliza, tena kwa sauti ya kawaida, kama anavyomuuliza mtu yeyote.

"Nipe mkononi," nikamwambia.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Kila akija anauliza, kila nikimjibu namjibu vile vile, na dada yuko pale anakohoa. Siku moja, anateremsha kapu, akasema, "Bi Nassra, jana umeota nini?"

Hakuuliza kama naota. Aliuliza nimeota nini.

"Ndoto hazisimuliwi ovyo," nikamjibu.

"Basi ukishaniona mie si mtu wa ovyo, utanambia."

Nilicheka mpaka nikaona haya. Alipoondoka dada akasema yule mwanamume ana ulimi mrefu. Nikamwambia maneno yake ni machache kuliko ya mtu yeyote anayeingia humu ndani.

Haukupita muda Bi Sichana, shangazi yake Mbarouk, akaja kwa Ami Wakil na posa. Ami akaja kwetu. "Mwanangu, umeposwa. Mie sikuamulii. Jibu ni lako." Nilihisi uso wangu umepata moto. Sikuwa tena msichana. Habari za kuolewa nilikuwa nimezikunja na kuziweka mbali, pamoja na vitu ambavyo mtu havihitaji. Dada alinikumbatia, akapiga kigelegele kidogo, akasema, "Hongera, mdogo wangu." Halafu akiwa bado amenikumbatia, akasema, "Lakini usikimbilie. Swali istikhara kwanza. Mwombe Mungu akuoneshe."

Ni shauri jema, nani atalikataa? Mtu akiwa na jambo zito anasali istikhara, anamwachia Mungu amchagulie. Ami Wakil alinikumbusha kuwa si lazima mtu aote. "Ukishasali, utazame moyo wako umeelemea wapi," alisema. Moyo wangu ulikuwa umeshafika Kidichi na umeshakaa kitako. Lakini sisi wanawake wa mtaa huu tunangoja ndoto. Wanasema ukiona weupe au kijani ni kheri, ukiona weusi au wekundu ujiepushe. Jirani yetu Biasha wa chini akanitania, "Na weye utaona rangi gani, Nassra?" Mimi nilijua nisichohitaji. Rangi sina haja nazo. Baba atakuja, atanipa tasbihi au ataichukua, na nitakuwa nimejibiwa.

Nilisema maneno hayo hayo mbele ya dada. Niliyasema nikimsugua miguu.

Nilisali, na mchana ule baada ya chakula nikajilaza. Kitanda changu kiko chini ya dirisha, na majira yale jua la mchana linaingia na kunikalia miguuni. Dirisha letu ni la mbao, lina milango miwili. Dada alisema anateremka kwa Biasha. Nikashika tasbihi, na joto lile likanilaza.

Kwanza jua liliondoka. Liliondoka mguu mmoja, kisha wa pili. Halafu nikasikia ngazini: ko, shaa, ko, shaa. Moyo ukanipiga kwa furaha. Halud ikaingia, ikasimama karibu na kichwa changu. Nikafungua kiganja ili anikunje vidole. Mkono ukaja ukaishika tasbihi, ukaivuta taratibu, ukaiondoa. Nilitaka kusema, "Baba, kwa nini?" lakini mdomo ukawa mzito kama kawaida ya ndotoni. Mitalawanda ikaondoka, ikateremka, ikapotea.

Nilipoamka mashavu yamelowa. Jua liko miguuni kama nilivyoliacha. Tasbihi nikaikuta chini sakafuni.

Dada alipopanda alinikuta nimekaa kitandani. "Umeota?" akauliza. Sikuwa nimesema kitu. Sasa nalikumbuka hilo, lakini siku ile niliona ni mapenzi tu, mtu anayekujua mpaka unavyopumua.

"Nimeota."

"Kheri."

Nikamsimulia yote. Habari ya jua sikuitaja, niliona si kitu. Akashusha pumzi na kunishika bega. "Mie sina la kusema, Nassra. Lakini baba hajapata kukuongopea."

Nikamwambia Ami Wakil, hapana. Ami aliniuliza mara ya pili, nikamjibu vile vile. Mbarouk alikuja mara moja tu baada ya hapo, na kapu la mwisho. Alisimama mlangoni, akauliza kwa sauti yake ile ile, "Nikupe mkononi au nikuwekee mkekani?"

"Weka mkekani," nikasema.

Akaliweka. Nilisikia ukili wa mkeka ukibonyea, kisha hatua zake. Nililia siku nyingi, na dada alinipangusa machozi kwa kanga yake. Hilo ndilo ninaloshindwa kumsamehe zaidi, kuliko hata kosa lenyewe. Alinipangusa.

Mwaka ukazunguka. Bi Sichana akaniletea ujumbe wa sauti kwenye simu, sauti yake inatafuta njia ya kupita: Mbarouk anaoa, mwanamke wa Bwejuu, jina lake Khairat, mtoto wa watu, na ikiwa sitaona vibaya, wangependa udi wa harusi nipike mimi, kwa sababu hawajui mwingine. Dada akasema nikatae. Sikumsikiliza, nikaikubali kazi. Niliupika kwa langilangi aliyoniletea Mbarouk, mafuta yaliyobakia chupani, nikautia sandali nzuri kuliko ninayotia kwa watu. Kama baba hataki nimpate, basi angalau harusi yake inukie vizuri.

Siku ya harusi sikwenda. Nikah ilikuwa baada ya alasiri, huko Bwejuu. Mchana nilijilaza nikashindwa kulala. Jua, ambalo huhama dirisha kwa dirisha kwa kufuata majira, lilikuwa limerudi miguuni mwangu. Nilikuwa nalihisi tu, sifikiri lolote. Dada akaingia pole pole, hana viatu, akidhani nimelala. Alinihurumia, nadhani, alitaka nipumzike. Akasogea dirishani akafunga.

Mlango wa kwanza ukafungwa, jua likaondoka mguu mmoja. Mlango wa pili ukafungwa, likaondoka mguu wa pili.

Sikutikisika. Wingu haliondoi jua namna ile. Wingu likipita, joto hupungua miguu yote pamoja, hupungua na kurudi na kupungua tena. Jua la namna ile, mguu mmoja kisha wa pili, nilikuwa nimelihisi mara moja tu katika umri wangu, ndani ya ndoto, kabla baba hajapanda ngazi. Na ndoto zangu zote alizokuja baba nikazipitia moja moja pale pale nimelala, nikitafuta jua. Halimo hata katika moja.

Dada akatoka. Nikamsikia ameteremka kwa Biasha. Nikaondoka kitandani nikaenda kwenye sanduku la baba.

Lilikuwa limejaa vumbi juu yake na ndani yake. Kofia zina vumbi, karatasi lililofungiwa kitambaa chake cha mwisho lina vumbi. Kichupa cha halud hakina. Mitalawanda haina. Nilipitisha vidole juu ya mbao yake, ilikuwa laini na ina utelezi. Nikainua mtalawanda mmoja nikaupeleka puani, pale panapokaa kisigino.

Karafuu.

Baba hakupata kupaka mafuta ya karafuu maisha yake. Harufu ile ni yangu, niliipaka kwa mikono yangu kwenye nyayo za mtu mmoja. Mbao ilikuwa imeyanywa mafuta na kukaa nayo mwaka mzima, ikiningoja.

Nilikaa chini na kile kiatu mapajani. Sitajifanya mstaarabu, nilimtukana dada yangu matusi ambayo sikujua kama nayajua. Alikuwa amevaa miguu ya baba. Alikuwa amejifunza kuburuta mguu mmoja, labda alijaribu kwanza nikiwa jikoni, labda alikosea akarudia. Alijua nitafungua kiganja kwa sababu nilimwambia mwenyewe kuwa nitakifungua. Kila kheri aliyonipa asubuhi, miaka yote ile, aliifanya kipimo cha kunishonea nguo ya uongo, na ikanikaa sawasawa.

Simu ilikuwa kando yangu. Bwejuu si mbali kwa simu. Ningeweza kumpigia Bi Sichana, ningeweza kusema, ngojeni. Nikamfikiria Khairat, nisiyemjua, amekaa huko na hina mikononi, udi wangu unafuka chini ya nguo zake, hana habari kama dunia ina mtu anayeitwa Salhiya. Yeye alikuwa amefanya kosa gani? Nilikuwa bado nimeshika simu wakati adhana ya alasiri ilipopigwa, msikiti mmoja, kisha mwingine, kisha yote. Nikaiweka chini.

Asubuhi dada alileta chai.

"Nimeota," nikamwambia.

"Kheri," akasema, na kijiko chake kinakoroga.

"Nimeota mwanamke kaingia chumbani kwa ndugu yake, ndugu yake kalala. Akafunga dirisha. Mlango mmoja, kisha wa pili. Halafu akateremka, akavaa viatu vya maiti, akapanda tena. Anaburuta mguu mmoja. Kajipaka halud ya maiti. Miguu yake inanuka karafuu."

Kijiko kikasimama.

"Hebu nifasirie," nikasema.

Chini Biasha alikuwa anamwaga maji na kuimba. Kisha dada akaanza kulia, na mimi kilio chake nakijua aina zote. Hiki sikuwa nimekisikia.

"Ungekwenda zako Kidichi," alisema. "Mie nibaki na nani? Walioniposa walishaoa, wana wajukuu. Watu wakinipita njiani wanasema Salhiya wa Nassra. Weye ukiondoka mie n'nakuwa Salhiya wa nani?"

"Ungenambia."

"Ningekwambia usiolewe? Ungenisikiliza?"

"Ningekuchukua tukaenda sote. Mbarouk asingekataa. Hukuuliza. Ulikwenda ukamfufua baba ili aje kusema uongo."

"Nassra…"

"Usiniite. Nijibu hili moja. Ulifunga dirisha la nini, Salhiya?" Maishani mwangu sikuwa nimemwita jina lake tupu bila ya dada. "Ili nisikuone?"

Nilicheka nilipomuuliza, kicheko kibaya. Mwenye macho anataka giza ili ajifiche kwa kipofu! Mwaka mzima ule uongo ulikuwa mzima, hauna tundu, na yeye mwenyewe ndiye aliyeutoboa kwa kuogopa jua. Nilitaka aseme ndiyo, nimdharau, yaishe.

Hakusema ndiyo. "Weye ukilala macho yako hayafungi yote," alisema. "Hukujua? Tangu mtoto. Yanabakia wazi kidogo. Nlipokuja mara ya kwanza, na viatu mkononi, jua lilikuwa limejaa chumbani na macho yako yako wazi, yananitazama. Nkashindwa. Wallahi nlishindwa, nkataka kurudi. Ndo nkafunga dirisha."

Tangu nizaliwe naambiwa macho yangu hayana kazi. Kumbe siku moja yalifanya kazi. Yalimsimamisha mtu mlangoni na dhambi yake mkononi, karibu yamrudishe, na yeye akanyoosha mkono akayazima, kisha akaendelea.

Hatukuhama. Nani ahame, aende wapi? Nyumba ni ya sisi wote wawili. Ami Wakil nilimwambia, akamgombeza mpaka sauti ikamkauka, kisha akanitaka nisamehe kwa ajili ya marehemu. Nikamwambia marehemu ndiye aliyedhulumiwa kabla yangu, akamwombe yeye. Dada anapika, mimi napika udi, tunasalimiana. Miguu yake anajipaka mwenyewe. Mtaani bado wanasema pepo yake iko tayari, na mimi sijamwambia mtu mwingine, maana sina hamu ya kusikia watu wakinihurumia kwa jambo jingine jipya.

Mitalawanda niliiosha kwa sabuni, nikaisugua kwa ndimu, nikaianika. Karafuu haikutoka. Nimeifungia sandukuni na ufunguo nimeuvaa shingoni. Tasbihi nimeitundika msumarini, silali nayo tena.

Siku moja mchana nilijilaza. Salhiya alikuwa chini kwa Biasha, nilikuwa namsikia anacheka, ile sauti yake ya kucheka na watu. Dirisha liko wazi, jua liko miguuni. Nikasikia ngazini: ko, shaa, ko, shaa. Halud ikaingia. Nikanusa kwa nguvu, nikitafuta karafuu, na sikuipata, lakini sikuamini pua yangu. Jua lilikuwa halijaondoka, wala hilo halikunitosha. Mkono ukanigusa. Ulikuwa na tasbihi. Ulikuwa unaitia kiganjani mwangu, na kidole cha kwanza ulikuwa umeshaanza kukikunja.

Nikauvuta mkono wangu nikauficha chini ya mto.

Mitalawanda ikasimama pale kidogo. Halafu ikaondoka, ko, shaa, ikateremka ngazi zote, na huko chini Salhiya alikuwa bado anacheka na Biasha. Nilipoamka ufunguo uko shingoni mwangu na tasbihi iko msumarini. Tangu siku ile hajarudi.

Asubuhi yake Salhiya alileta chai, akaiweka, akasimama. Nilimsikia anavuta pumzi, anajikaza.

"Umeota?" akauliza.

"Sikuota," nikamwambia, nikanywa chai yangu.